Kitara Kwanza, Deraya Baadaye: Kwa Anayeanza Old School RuneScape

Jumamosi moja mchana mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alinipigia simu kutoka Tanga. Shikamoo ilipokwisha tu, akatoa shida yake: "Mjomba, huyu ng'ombe hafi." Nikamwambia anirekodie skrini anitumie. Kwenye video yake mhusika alikuwa amependeza kweli: chapeo, deraya ya kifua, suruali ya deraya na ngao, vyote vya mithrili, vya buluu iliyokoza. Mkononi ameshika upanga mfupi wa bronzi, ule ambao kila mchezaji hupewa bure siku ya kwanza. Juu ya mgongo wa ng'ombe ikatokea sifuri, ikafuata sifuri nyingine, halafu moja nyekundu, halafu sifuri tena. Ng'ombe wa Lumbridge, mji wa kuanzia, ana pointi 8 tu za uhai, na kijana alikuwa naye karibu dakika nzima.

Nilipomuuliza alivyofika hapo, akanieleza kwa fahari. Alitaka awe mtu asiyepigika. Kwa hiyo tangu mwanzo alijifunza kujikinga tu mpaka akafika leveli 20, ili aruhusiwe kuvaa mithrili, na sarafu zake zote zikaishia kwenye mavazi. Shabaha yake ilikuwa bado leveli 1, na nguvu yake pia leveli 1. Nimeona wageni wengi wakianza hivyohivyo, wengine wakaacha mchezo wiki ya kwanza wakidhani ni wa kuchosha, kumbe waliutangulia mwisho wakaruka mwanzo. Makala hii ni kwa ajili yake na kwa ajili yao.

Kwa asiyeujua, Old School RuneScape ni mchezo wa mtandaoni unaotengenezwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. RuneScape yenyewe ilianza Januari 2001, kazi ya Andrew Gower na ndugu zake. Hii ya Old School ilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala iliyohifadhiwa ya jinsi mchezo ulivyokuwa Agosti 2007, na tangu Oktoba 2018 unachezwa kwenye simu pia. Ninaupendekeza kwa watu wetu kwa sababu tatu. Sehemu yake ya bure ni kubwa, ina stadi 15 na misheni za kutosha miezi. Michoro yake ni ya kizamani, hivyo simu ya kawaida inaumudu. Na saa yake hupiga kila sekunde 0.6, yaani kila tendo husubiri pigo hilo, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo huadhibiwi kama kwenye michezo ya kufyatuliana risasi. Ukiingia, chagua dunia iliyoko Uingereza au Ujerumani badala ya ile ya Marekani au Australia. Ukiwa Afrika Mashariki utaona tofauti mara moja.

Sasa turudi kwa yule ng'ombe.

Mapambano ya mkono katika mchezo huu yanasimama juu ya stadi tatu, na lazima uzitofautishe kabla hujanunua hata msumari. Attack ndiyo shabaha: inaamua mara ngapi pigo lako linapenya, na pia inaamua unaruhusiwa kushika silaha gani. Strength ndiyo nguvu: inaamua pigo likipenya litaumiza kiasi gani. Defence ndiyo kinga: inaamua adui anakukosa mara ngapi, na inakupa ruhusa ya kuvaa deraya. Ukigusa alama ya panga mbili pale pembeni utaona namna nne za kupigana, na namna uliyochagua ndiyo inayoamua pointi za uzoefu ziende kwenye stadi gani. Hapo ndipo wageni wengi hupotea bila kujua, maana wakishachagua namna moja siku ya kwanza hawairudii tena. Jenga mazoea ya kuiangalia kila unapobadilisha silaha, kwa sababu pointi zikishaingia kwenye kinga haziwezi kuhamishiwa kwingine.

Kuhusu deraya, kuna jambo moja ambalo nikilieleza watu hushangaa. Wengi wanadhani deraya inapunguza maumivu, na katika michezo mingine ni kweli. Humu hapana. Deraya inapunguza uwezekano wa kupigwa. Pigo likishapenya, linakuumiza vilevile kama vile ungekuwa umejifunga shuka. Maana yake, adui dhaifu, ambaye hata akikupata anakutoa pointi moja, hakulazimishi kuvaa deraya ya ghali. Unachohitaji ni kumwondoa haraka uende kwa mwingine. Adui anayekufa kwa mapigo matatu hana muda wa kukuumiza, ila yule anayekaa mbele yako dakika nzima atakupata tu, uwe umevaa mithrili au hujavaa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye silaha, na silaha yenyewe iwe kitara. Nalitumia neno hili la zamani la pwani kwa makusudi, maana upanga uliopinda ambao mchezo unauita scimitar ndio kitara kilekile cha mababu. Ubora wake uko kwenye kasi. Kitara hupiga kila sekunde 2.4. Upanga mrefu hupiga kila sekunde 3. Lile panga kubwa la mikono miwili, ambalo vijana hulipenda kwa ukubwa wake, hupiga kila sekunde 4.2. Hesabu dakika moja: kitara kimerusha mapigo 25, upanga mrefu 20, panga la mikono miwili 14 tu. Panga kubwa linaumiza zaidi kwa pigo moja, lakini kwa mgeni anayewinda wanyama wadogo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapotea bure. Ng'ombe mwenye uhai 3 uliobaki anakufa kwa pigo la 3 sawasawa na pigo la 15. Isitoshe, panga hilo linakunyima mkono wa ngao.

Kitara kinapatikana Al Kharid, kwenye duka la Zeke, kuanzia cha bronzi mpaka cha mithrili, ambacho bei yake ni takriban sarafu 1,000. Ruhusa za silaha zimepangwa kama ngazi: bronzi na chuma ni kwa kila mtu, chuma cha pua leveli 5 ya shabaha, cheusi leveli 10, mithrili 20, adamanti 30, rune 40. Deraya nazo zinafuata ngazi hiyohiyo kwa upande wa kinga. Ushauri wangu ni kupandisha shabaha mpaka ngazi inayofuata ya silaha, ununue kitara chake siku hiyohiyo, kisha ugeukie nguvu uipandishe mpaka iifikie au iipite shabaha kidogo. Kinga ije nyuma, hatua moja baada ya silaha. Mtu mwenye kitara cha mithrili na deraya ya chuma anaendelea haraka kuliko mwenye deraya ya mithrili na upanga wa bronzi, na fedha aliyotumia ni ndogo. Ngazi za katikati wala huna haja ya kuzinunulia seti nzima. Nguo za leveli 5 na 10 utazipita ndani ya siku mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao: vaa hicho cha chuma ulicho nacho mpaka ufike mahali pa kukaa.

Baada ya silaha, kitu cha pili ni hirizi ya shingoni. Wageni husahau kabisa kwamba shingo, mikono na miguu nayo ina nafasi ya vifaa. Hirizi ya nguvu, ile ya kito chekundu, inaongeza pointi 10 za nguvu na haidai leveli yoyote. Unaivaa siku ya kwanza, bado utakuwa nayo miezi mitatu baadaye. Kwa bei yake, sijui kitu kingine upande wa wasiolipia kinachomfaa mgeni kiasi hicho.

Sasa suala la kupanda leveli. Jedwali la uzoefu la mchezo huu linafaa kueleweka mapema, kwa sababu linabadilisha namna unavyopanga siku zako. Leveli 2 inataka pointi 83. Leveli 10 inataka 1,154. Leveli 40, ile ya rune, 37,224. Leveli 60, 273,742. Leveli 99, ambayo ndiyo kilele, 13,034,431. Na nusu ya safari hiyo ya 99 haipo kwenye leveli 50 kama mtu angedhani. Ipo kwenye leveli 92. Kila leveli saba hivi, mzigo unaongezeka maradufu.

Anayeliona jedwali hilo kwa mara ya kwanza hukata tamaa. Mimi naliona kama habari njema kwa mgeni: mwanzoni pointi chache sana zinakupeleka mbali, na mchezo unazigawa pointi hizo kama zawadi za misheni. Ng'ombe mmoja, kwa uhai wake wa 8, anakupa pointi 32 za stadi unayofundisha. Misheni ya Vampyre Slayer inakupa pointi 4,825 za shabaha kwa mpigo. Gawanya: ni ng'ombe 150 na ushee. Ukiwa leveli 1 ya shabaha, zawadi hiyo peke yake inakurusha mpaka leveli 20, na siku hiyohiyo unashika kitara cha mithrili. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mpwa wangu: achana na huyo ng'ombe, nenda kijiji cha Draynor inakoanzia misheni hiyo.

Lakini nenda umejiandaa. Count Draynor, mnyonya damu unayepaswa kumuua, yumo kwenye handaki la jumba lake, na ana uhai 35. Unahitaji mti uliochongwa, ambao Dr Harlow anakupa pale kwenye baa ya Blue Moon mjini Varrock ukimnunulia bia, na nyundo ya kuupigilia. Beba pia kitunguu saumu, kinachomdhoofisha. Kipo kabatini kwenye nyumba ya huyohuyo anayekupa misheni. Kwa mwenye shabaha ya leveli 1 pambano hili ni gumu, na hapa ndipo kinga ya leveli 20 ya mpwa wangu ilipomfaa. Alikwenda na samaki wengi, akapigana kwa subira, akala, akapigana tena. Wewe usiye na kinga hiyo pata kwanza leveli kumi hivi za nguvu na za kinga kwa kuku na ng'ombe, halafu ndiyo uende.

Misheni nyingine zimepangika vizuri kama mtu ataziunganisha. Ile ya Doric inakupa pointi 1,300 za uchimbaji madini, na hizo zinakufikisha leveli 10 kutoka 1. Leveli 10 ya uchimbaji ndiyo hasa inayodaiwa na The Knight's Sword, na hii nayo inakupa pointi 12,725 za uhunzi, zinazokutoa leveli 1 mpaka 29 kwa siku moja. Anayejua taabu ya kufua vipande vya bronzi kimoja kimoja ataelewa nimesema nini. The Restless Ghost, ya pale kanisani Lumbridge, inatoa pointi 1,125 za sala. Mfupa wa kawaida ukiuzika unapata pointi 4.5, kwa hiyo ni sawa na kuzika mifupa 250. Imp Catcher na Witch's Potion kwa pamoja zinakufikisha leveli 10 ya uchawi. Anza zote hizo ungali chini, wakati pointi zake zina uzito. Cook's Assistant, ya mpishi wa kasri la Lumbridge anayetafuta yai, maziwa na unga, ifanye siku ya kwanza kabisa, kwa sababu ukiimaliza unaruhusiwa kutumia jiko la kasri ambalo haliunguzi chakula sana.

Chakula ndicho kifaa ambacho hakuna anayekiita kifaa. Nafasi za mfuko wako ni 28, na katika mapambano yoyote ya maana zaidi ya nusu yake ni samaki. Uduvi unarudisha uhai 3. Samaki trauti anarudisha 7, samoni 9, kamba mkubwa 12, chuchunge 14. Kuvua kunagharimu muda, si sarafu, na mahali pa kuvulia napajua pamoja pazuri: mtoni mashariki ya kijiji cha Barbarian. Nunua fimbo ya kuvulia na manyoya ya chambo, beba shoka na kiberiti. Ukifika leveli 20 ya uvuvi unaanza kupata trauti, leveli 30 samoni. Kata mti ulio karibu, washa moto hapohapo ukingoni, choma. Kwa saa moja umefundisha uvuvi, upishi, ukataji miti na uwashaji moto, na benki ya Edgeville iko kaskazini hatua chache. Mimi jioni nikitoka kazini, kichwa kimechoka, hapo ndipo hupumzikia. Mto unapita, watu wanasalimiana, wengine hawazungumzi kabisa, na kidole kimoja kinatosha kufanya yote.

Katika kijiji hichohicho kuna shimo liitwalo Stronghold of Security, na mgeni asiyeingia humo anaacha fedha barabarani. Lina ghorofa nne za kushuka chini. Ya kwanza mwishoni ina zawadi ya sarafu 2,000, ya pili 3,000, ya tatu 5,000, na ya nne inakupa viatu vizuri kuliko vyovyote utakavyovipata kwa muda mrefu. Chagua vile vya kupigania, fighting boots. Kila mlango unakuuliza swali kuhusu usalama wa akaunti kabla haujafunguka. Yasome maswali hayo, usiyapite tu. Viumbe wa ghorofa za chini wanauma, kwa hiyo beba chakula na uwapite mbio bila kusimama kupigana. Sarafu hizo 10,000 zinanunua kitara, hirizi na akiba ya samaki, na bado kitu kinabaki.

Utakapotaka kuuza vitu Grand Exchange, lile soko kuu la kaskazini-magharibi mwa Varrock, utakuta akaunti mpya ya bure inazuiwa kuuza baadhi ya malighafi na kubadilishana vitu kwa uhuru na wachezaji wengine. Si hitilafu. Ni ukuta dhidi ya akaunti za mashine, na unaondoka ukishatimiza saa 20 za kucheza, pointi 10 za misheni na jumla ya leveli 100. Ukifuata misheni nilizotaja, utakuwa karibu kabisa na pointi hizo 10 bila wewe kujua.

Sasa nizungumzie hasara, kwa sababu vifaa hupotea zaidi kwa ujinga kuliko kwa vita. Ukifa kwa mnyama au jitu, vitu vyako vitatu vya thamani kubwa vinabaki nawe, na vingine vinakaa kwenye kaburi lako kwa dakika 15 ukivirudia. Hapo hakuna msiba. Msiba upo kaskazini, kwenye nyika iitwayo Wilderness, ambako wachezaji wanaruhusiwa kukuua. Huko vitatu vinabaki, na vilivyosalia ni mali ya aliyekuua. Miaka kadhaa iliyopita mchezaji mmoja mpole alinifuata benki ya Edgeville, tukazungumza karibu saa nzima, akaniambia kuna mahali pa siri pa kupata vitu vya bure, ila nivae vizuri maana kuna mifupa hai njiani. Nikavaa kila kitu cha rune nilichokuwa nacho. Tulipovuka mtaro ulio mpaka wa nyika wakatokea wenzake watatu. Iliniuma wiki nzima, kwa sababu ile seti niliipata kwa samaki na makaa, siku kwa siku. Tangu hapo nina sheria moja: nikivuka mtaro navaa kile ambacho naweza kukinunua tena jioni hiyohiyo.

Matapeli wengine hawahitaji nyika. Kuna anayesimama Varrock akitangaza kwamba ukimpa sarafu anazirudisha mara mbili. Atarudisha kweli elfu moja ya kwanza, na ya pili, mpaka umpe laki. Kuna anayejitolea kuipamba deraya yako kwa nakshi za dhahabu bila malipo, umkabidhi tu. Katika mchezo huu hakuna mchezaji mwenye uwezo wa kuipamba deraya yako. Ni uongo mtupu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Halafu wapo wanaotuma barua pepe na viungo vinavyofanana na vya kampuni, wakitaka neno lako la siri. Weka PIN ya tarakimu nne kwenye benki ya mchezo na uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kabla hujawa na kitu cha kuibiwa. Na usinunue sarafu za mchezo kwa fedha taslimu kutoka kwa watu wa pembeni. Ni kinyume cha sheria za mchezo, na akaunti ya miezi sita inaweza kufungwa kwa sababu ya ununuzi wa dakika tano. Najua wapo watu ambao kuchuma sarafu hizo ni mkate wao. Venezuela ilipokumbwa na kuanguka kwa uchumi, vijana wengi huko waliishi kwa kuua majoka ya kijani na kuuza dhahabu yake. Siwalaumu. Lakini mgeni anayenunua anaiweka akaunti yake rehani bila faida, maana dhahabu hiyo itamnunulia deraya ambayo leveli zake haziruhusu kuvaa.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo miongozo ya wenzetu haina. Mtandao ukikatika katikati ya pambano, mhusika wako hatoweki papo hapo. Anabaki amesimama, anapigwa. Kwa hiyo usipigane na kitu kinachoweza kukumaliza ndani ya dakika moja ukiwa kwenye daladala, wala bando likiwa ukingoni, wala chaji ikiwa asilimia nne. Shughuli za safarini ziwe uvuvi na miti. Mapambano makubwa yasubiri nyumbani.

Je, ulipie uanachama? Mapema usilipie. Siku za uanachama zinahesabika hata usipocheza, na mgeni hutumia wiki mbili za kwanza kutafuta tu milango iko wapi. Maliza kwanza misheni za bure, halafu lipia wakati una nafasi, likizo kwa mfano. Ukishaingia, misheni ya kwanza iwe Waterfall Quest, inayotoa pointi 13,750 za shabaha na nyingine kama hizo za nguvu. Kwa mtu wa leveli 1 hiyo ni leveli 30 ya zote mbili bila kupigana na hata mmoja, ingawa kuna majitu ya kuyakimbia. Wachezaji wenye mali hununua uanachama kwa sarafu za mchezo, kwa kitu kiitwacho bond kinachotoa siku 14. Bei yake ni mamilioni ya sarafu, kwa hiyo mgeni asikifanye lengo lake la kwanza.

Lengo la kwanza linalofaa ni joka. Misheni ya Dragon Slayer inadai pointi 32 za misheni, na bila kuimaliza huruhusiwi kuvaa deraya ya kifua ya rune hata ukiwa na kinga ya leveli 40 na sarafu mfukoni. Goblin Diplomacy na Romeo & Juliet zinakupa pointi tano kila moja, kwa hiyo usizidharau kwa sababu ya udogo wa zawadi zake nyingine. Misheni yenyewe ni ndefu na ina gharama: meli ya kwenda Crandor, kisiwa cha joka hilo, sarafu 2,000 pamoja na mbao na misumari ya kuikarabati, na kipande kimoja cha ramani ambacho mfungwa wa Port Sarim anakiuza 10,000. Mara nyingi nimeona mtu amefika hapo na seti nzuri mwilini na mfuko mtupu, akalazimika kuuza ngao ili alipe meli.

Mpwa wangu alifika hapo mwezi wa tatu. Alinipigia usiku, akanisomea orodha yake kama mtu anayefunga sanduku la safari, nami nikamrekebisha. Deraya ya adamanti inatosha. Kitara cha rune, kwa kuwa shabaha yake sasa ni 40. Hirizi ya nguvu, ileile ya mwanzo. Viatu vya shimoni. Ngao ya kuzuia moto, ambayo Duke Horacio wa Lumbridge anaitoa bure, nayo aivae mkononi kabla hajatia mguu pangoni, maana Elvarg, joka lenyewe, akikupulizia bila ngao hiyo pumzi moja inaweza kukutosha. Nafasi zilizobaki zote chuchunge.

"Na nikifa, mjomba? Nianze tena na meli?"

Hilo ndilo swali ambalo miye mwenyewe nilichelewa kuliuliza. Ukishashuka kwenye pango la Crandor, usimkimbilie joka. Tembea kusini upite mlango wa siri wa ukutani unaotokea chini ya volkano ya Karamja, kisha urudi. Mlango huo ukishaupita mara moja, unabaki wazi kwako. Ukishindwa, unachukua mashua ya kawaida kutoka Port Sarim kwa sarafu 30, unashuka kwenye volkano na unaingia tena, bila mbao, bila misumari na bila 2,000 nyingine. Akaniambia nisubiri. Nikamsikia akihesabu samaki kwa sauti ndogo, ishirini na moja, ishirini na mbili, halafu akasema ameshauona mlango, anaupita.